Mvinyo mwekundu mzito wa Amerika Kusini: namna ya kuuonja na kuuchagua

Mbele ya rafu ya mivinyo ya Argentina, Chile na Uruguay, mkono wa mnunuzi mara nyingi huenda kwenye chupa yenye kioo kinene, lebo nyeusi, neno Reserva na kilevi cha asilimia 14.5. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha kwamba mvinyo uliomo ndani ni mzuri. Kutengeneza mvinyo mzito kwenye nchi yenye jua kali si kazi ngumu: ziache zabibu ziive kupita kiasi, sukari ipande, na kilevi kitapanda nayo. Kazi ngumu ni kuufanya mvinyo huo unyweke. Mvinyo mzito usio na uchachu wa kuubeba ni sawa na pilau lenye mafuta mengi lililopakuliwa bila kachumbari. Kijiko cha kwanza kitamu, cha tano kinakinai.

Kwa hiyo unapochagua, usiulize tu "je, ni mzito?" Uliza "kachumbari yake iko wapi?" Yote yaliyo hapa chini, kuanzia mwinuko wa shamba hadi joto la glasi, yanalijibu swali hilo.

Kwanza, uzoeshe ulimi

Maneno manne yanatosha kuanzia: uzito, uchachu, ukakasi na joto la kilevi. Ukakasi ndio unaochanganya watu wengi. Anayeonja mvinyo mwekundu mzito kwa mara ya kwanza husema "mchungu", kumbe anachokisikia si uchungu. Uchungu ni ladha, kama ya mwarobaini au shubiri. Ukakasi ni hali: ulimi na ufizi vinakauka na kukwaruza, kama baada ya kung'ata ndizi mbichi au bibo. Unatokana na tanini, ambazo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na, kwa kiasi kidogo, kwenye mbao za pipa. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake.

Kabla ya kutumia pesa kwa chupa ya bei, fanya jaribio hili jikoni. Tia majani ya chai kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha mililita 200 za maji yaliyochemka, chuja baada ya dakika 2. Tengeneza kikombe kingine hivyo hivyo, lakini kiache dakika 10. Usitie sukari wala maziwa. Vikipoa, onja cha kwanza kisha cha pili: tofauti unayoisikia kwenye ufizi ni tanini. Halafu kamua kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kwenye glasi ya maji na unywe funda moja. Mate yanayobubujika pembeni mwa ulimi ndiyo kipimo chako cha uchachu. Mwisho, linganisha maziwa yaliyotolewa mafuta na maziwa kamili ya ng'ombe. Namna yale ya pili yanavyojaa mdomo mzima ndiyo uzito. Ukishavitenganisha vitu hivi vitatu kimoja kimoja, utavitambua hata vikikaa pamoja kwenye glasi.

Joto la kilevi halihitaji zoezi. Ni ule moto unaobaki kooni baada ya kumeza. Kwenye mvinyo wa asilimia 14 uliotengenezwa vizuri huusikii sana. Kwenye uliokosa uwiano, huo ndio unaotangulia na ndio unaobaki.

Malbec, na kwa nini mwinuko ni muhimu

Zabibu ya Malbec ilizaliwa kusini-magharibi mwa Ufaransa, na mji wa Cahors bado unaitegemea hadi leo. Iliingia Argentina katikati ya karne ya 19, pale mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, alipoletwa Mendoza kuanzisha shamba la mafunzo mwaka 1853. Ufaransa zabibu hii ilisumbuliwa na baridi na unyevu. Mendoza ilikuta hali tofauti kabisa: nusu jangwa chini ya milima ya Andes, mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na maji ya theluji yanayoshuka mlimani na kugawiwa mashambani kwa mifereji. Ukungu na kuvu havipati nafasi kubwa. Adui wa huko ni mvua ya mawe, ndiyo maana mashamba mengi yamefunikwa kwa nyavu.

Sasa kuhusu mwinuko. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6. Luján de Cuyo, eneo kongwe karibu na mji wa Mendoza, liko kwenye mita 900 hadi 1,000 hivi. Bonde la Uco, kusini yake, huanzia hapo na kupanda. Kijiji cha Gualtallary kina mizabibu kwenye mita 1,300 hadi 1,500. Mtengenezaji wa mvinyo Nicolás Catena alipopanda shamba lake la Adrianna huko mwaka 1992, ilidhaniwa kwamba baridi haingeziacha zabibu nyekundu ziive. Ziliiva. Usiku wa baridi hulinda asidi ndani ya tunda, na jua kali la mlimani hulifanya ganda liwe nene na lenye rangi nyingi. Matokeo yake ni mvinyo wenye uzito na uchachu kwa pamoja, jambo ambalo shamba la bondeni lenye joto hulipata kwa shida, na mara nyingi kwa kuongezewa asidi ya tartariki kiwandani. Kuongeza asidi ni halali na kumezoeleka, ila ikizidishwa, uchachu husikika umejitenga, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula kilichokwisha kupoa.

Kaskazini kabisa, mkoani Salta, kuna Cafayate, yapata mita 1,700, karibu sawa na Nairobi. Malbec ya huko ni nyeusi, kali, yenye harufu ya pilipili manga na ukakasi unaoonekana. Si ya kumwanzishia mgeni.

Kwa ladha, tegemea hivi. Malbec ya Luján de Cuyo ni laini na ya duara: zambarau zilizoiva, plamu, chokoleti kidogo, ukakasi mdogo. Ya Bonde la Uco imenyooka zaidi: zambarau mbichi kidogo, harufu ya maua, wakati mwingine kitu kama vumbi la chaki, na mate mengi mdomoni baada ya kumeza. Anayetaka mvinyo wa kunywa bila chakula achukue ya kwanza. Mwenye nyama mezani achukue ya pili.

Zabibu nyingine tatu za kuzijua

Carmenère ya Chile ina historia ya ajabu. Kwa zaidi ya karne moja ilipandwa ikidhaniwa ni Merlot, mpaka tarehe 24 Novemba 1994, mtaalamu wa mizabibu Jean-Michel Boursiquot alipoitambua katika shamba la Viña Carmen, bonde la Maipo. Kosa hilo lilikuwa na gharama ndani ya glasi. Carmenère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot, kwa hiyo zilipovunwa pamoja, Carmenère iliingia kiwandani ikiwa mbichi, na ubichi wake hunuka pilipili hoho. Harufu hiyo hutokana na kemikali ziitwazo pirazini, ambazo hupungua tunda linavyoiva. Hoho kidogo, kama ya hoho iliyochomwa, ni sura yake halali na inapendeza. Ukisikia hoho mbichi na majani yaliyopondwa, na nyuma yake ukakasi wa kukwaruza, zabibu zilivunwa mapema. Tafuta majina Peumo na Apalta kwenye lebo. Hayo ni maeneo yenye joto la kutosha kuimalizia.

Cabernet Sauvignon ya Maipo, kwenye miinuko ya mashariki mwa Santiago, ndiyo yenye muundo ulionyooka kuliko zote: ukakasi thabiti, forosadi nyeusi, mwerezi, na harufu ya mnanaa au mikaratusi inayojitokeza mara kwa mara. Ukikaa na chupa ya namna hii kwa miaka 8 au 10 mahali pa baridi, italipa.

Tannat ndiyo nzito kuliko zote. Asili yake ni Madiran, Ufaransa, na Uruguay iliipata kupitia mkulima Pascual Harriague, aliyeipanda Salto miaka ya 1870. Leo mashamba mengi yako Canelones, karibu na Montevideo. Uruguay si kavu kama Mendoza: mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka na upepo wa Atlantiki hupoza mashamba, hivyo Tannat yake huwa na uchachu wa asili na kilevi cha asilimia 13 hadi 14 tu. Ukakasi wake ni mwingi mno ikiwa changa. Watengenezaji hulainisha kwa mapipa, kwa kuingiza hewa taratibu, au kwa kuchanganya na Merlot. Kama hujawahi kuionja, anza na mchanganyiko wa Tannat na Merlot, uliofikisha miaka 4 au zaidi.

Bonarda ya Argentina ni nyepesi zaidi na ya bei nafuu. Nzuri kwa siku za kawaida, lakini haiingii katika kundi hili.

Kuisoma lebo

Jina la eneo lina uzito kuliko sifa zote. "Mendoza" peke yake humaanisha zabibu zimetoka popote mkoani. "Valle de Uco" imefinya zaidi, "Gualtallary" au "Paraje Altamira" zaidi tena. Kadiri eneo linavyokuwa dogo, ndivyo mtengenezaji anavyokosa mahali pa kujificha. Chile, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, huweka pia maneno yanayoonyesha upande wa nchi: Costa ni pwani, Andes ni mlimani, Entre Cordilleras ni katikati. Kwa Cabernet nzito yenye uchachu, Andes ni dalili njema.

Neno Reserva linategemea nchi. Argentina, mvinyo mwekundu wa Reserva unapaswa kukomazwa angalau miezi 12, na Gran Reserva miezi 24. Chile neno hilo halimfungi mtengenezaji kwa muda kama huo, hivyo usililipie pesa ya ziada bila sababu nyingine. Roble humaanisha mwaloni, mti wa kutengenezea mapipa, na mara nyingi ni mvinyo uliopitishwa kwenye mbao kwa muda mfupi. Jina la zabibu nalo lina kanuni: Argentina hudai asilimia 85 ya zabibu iliyotajwa, Chile asilimia 75.

Angalia mwaka wa mavuno. Nusu hii ya dunia huvuna kati ya Februari na Aprili, Carmenère hata Mei. Malbec ya bei ya kawaida inywewe ndani ya miaka 2 hadi 5 tangu kuvunwa. Zilizotengenezwa kwa uangalifu hufika 10 au zaidi. Chupa ya bei rahisi yenye miaka 9 haijakomaa, imesahaulika rafuni.

Kuhusu kilevi: asilimia 13.5 hadi 14.5 ni kawaida. Ikifika 15 na lebo haitaji mwinuko wala eneo dogo, uwezekano wa mvinyo mtamu-mtamu unaochoma koo ni mkubwa. Mvinyo mkavu una chini ya gramu 4 za sukari kwa lita, lakini mivinyo kadhaa ya bei nafuu huachiwa sukari kidogo ili kufunika ukakasi. Aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma anaweza kuifurahia hiyo kwanza, kisha ahamie polepole kwenye mikavu.

Na uzito wa chupa? Ya kawaida ikiwa tupu ina gramu 400 hadi 500. Nyingine hupita 900. Tofauti hiyo ni kioo, na gharama ya kukisafirisha umeilipa wewe.

Kuikagua chupa kabla ya kulipa

Mvinyo huu umevuka bahari ndani ya kontena, ukakaa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, ukapanda lori. Joto ndilo huua mivinyo mingi inayouzwa kwetu kuliko kasoro yoyote ya kiwandani. Iinue chupa kwenye mwanga: mvinyo unapaswa kufika shingoni, chini kidogo ya kizibo. Ukiwa umeshuka hadi begani na chupa ni changa, umevuja. Pitisha kidole juu ya kifuniko cha karatasi ya chuma. Kizibo kikiwa kimejiinua juu ya mdomo wa chupa, au kuna michirizi yenye kunata, mvinyo ulipata joto ukatanuka na kukisukuma. Usichukue chupa ya dirishani kwenye jua, hata kama ndiyo iliyobaki. Chukua ya rafu ya chini, ya nyuma. Kizibo cha kuzungusha si alama ya unyonge. Kwa safari yetu na joto letu, mara nyingi ndicho salama zaidi. Kagua pia stempu ya kodi ya KRA au TRA kwa simu, maana chupa bandia zipo.

Nyumbani, kama huna kabati la mvinyo, nunua unachokunywa ndani ya miezi michache. Chumba cha nyuzi 30 huuzeesha mvinyo upesi na vibaya. Chini ya kabati la nguo lisilopigwa na jua ni afadhali kuliko juu ya friji, mahali ambapo watu wengi huziweka chupa zao na ambapo joto la mashine huzipika taratibu.

Joto la kuandalia

Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba". Chumba chao kilikuwa cha nyuzi 17. Chumba cha Tanga au Mombasa ni 30, na kwenye 30 kilevi huruka puani, tunda hunuka jemu iliyoungua, na uchachu haupatikani. Lengo ni nyuzi 16 hadi 18. Kutoka nyuzi 30, chupa inahitaji yapata saa moja na nusu kwenye friji, au dakika 12 hadi 15 kwenye ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu. Barafu tupu bila maji hupoza polepole kwa sababu haigusi chupa pande zote. Usishuke chini ya nyuzi 14: baridi hukaza ukakasi, na Malbec laini itaonekana ngumu. Kama huna kipimajoto, chupa ikishikwa iwe ya ubaridi wa maji ya mtungi, si ya soda ya friji.

Kufungua na kuupa hewa

Kata karatasi ya chuma chini ya ukingo wa pili wa mdomo wa chupa ili mvinyo usiiguse unapomimina. Ncha ya kizibuo iingie katikati kabisa ya kizibo. Zungusha hadi libaki pindo moja nje. Ukilimaliza lote, utatoboa chini na vipande vitaanguka ndani. Vikianguka, chuja kwa kichujio kisafi cha chai. Hakuna kilichoharibika.

Malbec changa ipe dakika 30 hadi 60 kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana. Cabernet saa moja. Tannat changa saa moja hadi mbili, na hata hapo imwage jagini kwa nguvu, ichuruzike na kutoa povu. Kufungua kizibo tu na kuiacha chupa isimame hakusaidii, kwa sababu eneo la mvinyo linalogusa hewa ni dogo kama shilingi. Chupa yenye zaidi ya miaka 10 hutendewa kinyume: isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatue, imimine taratibu, na inywe bila kuchelewa.

Glasi iwe ya mililita 400 hadi 600, mdomo umejikunja kidogo kwa ndani. Inuse ikiwa tupu. Glasi nyingi hunuka kabati au sabuni, na harufu hiyo ndiyo wengi huilaumu kuwa ni ya mvinyo. Isuuze kwa maji ya moto, kisha kwa tone la mvinyo wenyewe. Jaza theluthi moja tu.

Kuonja

Usionje ukiwa umetoka kupiga mswaki, kunywa kahawa au kujipulizia manukato. Subiri saa moja.

Iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe. Malbec changa ni nyeusi katikati, na ukingo wake ni wa urujuani unaong'aa, kama maji ya zambarau zilizopondwa. Ukingo unaoelekea rangi ya tofali unaonyesha umri. Chupa ya miaka 3 yenye ukingo wa kahawia imechoka kabla ya wakati. Machozi yanayoteremka kwenye kioo huonyesha kilevi na sukari, wala si ubora, usiyashangilie.

Nusa kwanza bila kuzungusha, kwa pumzi fupi. Kisha izungushe glasi ikiwa mezani, mara 5 au 6, unuse tena. Zitenge harufu kwa asili yake. Za tunda na shamba: zambarau, plamu, forosadi, maua, hoho, mikaratusi. Za pipa: vanila, karafuu, moshi, kahawa, nazi. Nazi ikitawala, mwaloni huenda ni wa Marekani. Za umri: ngozi, tumbaku, majani makavu, uyoga. Mvinyo mchanga ukinuka vanila na kahawa tu huku tunda likitafutwa kwa tochi, pipa limeumeza. Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe, kisha urudi.

Piga funda la kijiko kimoja kikubwa, lipitishe kila upande wa mdomo kwa sekunde 5 hadi 8, vuta hewa kidogo kupitia midomo iliyobana. Hapo jiulize kwa mpangilio. Mate yanatoka? Inamisha kichwa mbele. Yakijaa upesi, uchachu upo. Ufizi wa juu unakauka vipi: kama unga laini, au kama msasa? Unga laini ni tanini zilizoiva. Msasa kwenye tunda lililokomaa unaweza kulainika kwa miaka. Msasa pamoja na hoho mbichi hautalainika. Kisha meza au tema, na uhesabu sekunde ambazo ladha ya tunda inabaki. Chini ya 5 ni mvinyo mfupi. 10 hadi 15 ni mzuri. Zikipita 20, kumbuka jina la chupa hiyo. Hesabu tunda tu: moto wa koo na ukakasi vinaweza kubaki dakika nzima, na havistahili alama.

Ukionja aina kadhaa, anza na Malbec, kisha Carmenère, Cabernet, na Tannat mwisho. Tanini hujikusanya mdomoni, na glasi ya nne huonekana ngumu kuliko ilivyo. Mkate mkavu na maji kati ya glasi husaidia. Jibini na karanga huficha makosa, viweke kando mpaka umalize.

Kasoro na namna ya kuzitofautisha

Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa cha deki kisichokauka ni kizibo kilichochafuliwa na TCA, kemikali inayotokana na kuvu. Haiondoki kwa hewa, huzidi. Rudisha chupa dukani. Yai viza au kiberiti kilichozimwa ni ukosefu wa hewa, na mara nyingi huondoka ndani ya dakika 15 za jagi, kwa hiyo usikimbilie kuimwaga. Harufu ya siki ni asidi ya asetiki iliyozidi, na ile ya rangi ya kupaka kucha ni asetati ya ethili, ambayo huandamana nayo. Zizi la farasi au plasta ya kidonda ni hamira iitwayo Brettanomyces. Kidogo sana wengine huipenda, ikitawala inakausha tunda lote. Jemu iliyoungua, rangi iliyofifia na kizibo kilichojiinua ni joto la safarini au dukani, na hilo ndilo utakalokutana nalo mara nyingi.

Mezani

Chumvi, mafuta na protini za nyama hulainisha tanini, ndiyo sababu Waargentina hunywa Malbec na nyama ya kuchoma juu ya makaa. Nyama choma yetu inafanya kazi ile ile: mbuzi na mishikaki kwa Malbec ya Uco, mbavu zenye mafuta au mkia wa ng'ombe kwa Tannat. Pilau la nyama lenye karafuu na bizari nyembamba hukaa vizuri na Carmenère iliyoiva. Pilipili kali huongeza moto wa kilevi, hivyo kachumbari ipunguze pilipili siku hiyo. Samaki uache kabisa: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huleta ladha ya sarafu mdomoni.

Zoezi la chupa tatu

Kwa watu 6, nunua Malbec ya Luján de Cuyo, Malbec ya Bonde la Uco na Tannat ya Canelones, za bei inayokaribiana na miaka ya mavuno inayokaribiana. Zifunike kwa mifuko ya karatasi, ziandike namba, mimina mililita 50 kwa kila mtu. Kila mmoja aandike mambo matatu tu: mate, ufizi, sekunde. Msizungumze mpaka wote wamalize, kwa sababu mtu wa kwanza kusema "vanila" huwafanya wengine wote wainuse vanila. Kila chupa itabaki na mililita 450. Mimina 375 kwenye chupa ndogo safi, ijae hadi shingoni, ifunge na uiweke friji. Kinachobaki kinywewe na chakula. Malbec itadumu siku 3, Tannat 4 hadi 5. Ionjeni tena Tannat siku ya pili kwa nyuzi 17, na muulinganishe ufizi wa leo na maandishi ya jana.